Ubini Adimu Zanzibar: Namna ya Kulifuata Jina Mpaka kwa Mtu wa Kwanza

Ukimsalimu mzee wa Pemba usiyemjua ukajitaja jina, hakuulizi unafanya kazi gani. Anakuuliza, "Mtoto wa nani wewe?" Unamtaja baba. "Yupi huyo?" Unamtaja babu. Akifika kwa babu ndipo uso unapokunjuka: "Aa, wa kwa fulani, pale karibu na msikiti." Basi umeshajulikana.

Kazi inakuja pale ubini wako, yaani jina la mwisho unalolibeba, unapokuwa hauna mwenzake. Ukiitwa Hamad au Makame, watu wanakuhesabu tu kati ya wengi. Lakini ukiwa na jina ambalo kila karani anakuuliza linaandikwaje, na kila mtu ana nadharia yake ("hilo la Kimanga hilo", yaani la Oman, "hilo la Kingazija", yaani la Komoro), utataka kujua limetoka wapi na mmebaki wangapi. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nitatumia jina la mfano, Mkandaa. Nimelibuni makusudi ili nisiguse ukoo wa mtu.

Kabla ya yote: ubini wetu unatembea

Watu wengi hukosea hapa, hasa walioko Ulaya na Uarabuni, kwa kudhani ubini ni kitu kilichokaa mahali pamoja tangu zamani. Kwetu mtu huitwa jina lake, la baba, la babu, basi. Juma Ali Mkandaa akizaa mtoto akamwita Haji, mtoto ni Haji Juma Ali. Mkandaa ameshaanguka. Kila kizazi kinaongeza jina mbele na kutupa moja nyuma, kwa hiyo majina matatu hayakufikishi mbali. Ukikisia miaka 30 kwa kizazi, babu yako alizaliwa miaka 60 hivi kabla yako, na yeyote aliyemtangulia hayumo katika cheti chako.

Lakini wakati mwingine jina hugoma kuanguka. Tazama familia mbili zinazojulikana na kila mtu. Rais wa kwanza wa Zanzibar ni Abeid Amani Karume. Kwa kawaida ya zamani mwanawe angeitwa Amani Abeid Amani, lakini tunamjua kwa Amani Abeid Karume, na nduguye ni Ali Abeid Karume. Vilevile mtoto wa Ali Hassan Mwinyi angekuwa Hussein Ali Hassan, ila yeye ni Hussein Ali Mwinyi. Jina la tatu limeganda, na likishaganda linakuwa la ukoo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: jina hili liliganda kwa nani, na kwa sababu gani? Mara nyingi jibu ni dogo kuliko ulivyotarajia. Mtu alikwenda kusoma, au alikata pasi ya kusafiria, au alianza kazi serikalini, fomu ikataka "jina la ukoo", akaandika la babu yake. Watoto wake wote wakalirithi, ilhali watoto wa nduguye waliobaki kijijini Wingwi, Pemba, wanaitwa kwa majina mengine kabisa. Ubini unaonekana adimu kumbe ukoo ni mkubwa, ila tawi moja tu ndilo lililobeba jina.

Hatua ya kwanza: anza na karatasi za nyumbani

Kusanya vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa, pasi za zamani, hati za shamba, kadi za kliniki, hata madaftari ya deni la duka kama yapo. Andika kila jina kama lilivyoandikwa, na makosa yake, usirekebishe. Mimi katika vyeti viwili vya baba yangu mmoja nimekuta babu ameandikwa kwa majina mawili tofauti, na ofisi niliyokwenda iliniambia babu zangu ni wawili. Kosa kama hilo linaudhi, lakini linakuonyesha karani alisikia nini siku ile.

Kisha tafuta karatasi ya khitma. Hii watu huisahau, na ndiyo hazina yenyewe. Nyumba nyingi zina orodha ya marehemu wanaorehemewa kila inaposomwa khitma ya ukoo: kipande cha karatasi kilichokunjwa ndani ya msahafu, au majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino kwenye jalada la nyuma. Orodha hiyo haikuandikwa kumridhisha karani, na wala haikomi kwenye jina la tatu. Humo utakuta mama wa babu, ndugu waliokufa wachanga, na pengine jina la mtumishi au mlezi aliyehesabiwa kuwa wa nyumba. Ipige picha kila upande, pamoja na pale wino ulipofifia.

Hatua ya pili: wazee, na namna ya kuwauliza

Usianze na "Ukoo wetu umetoka wapi?" Swali hilo lina jibu lililokwisha pikwa: Shirazi (Uajemi), au Omani, au Hadhramaut (Yemen). Litakuja lenyewe. Uliza vitu vya karibu. Babu alizikwa wapi? Nani alimwosha? Shamba lile lilikuwa la nani kabla yake? Kwa nini kina fulani hatuoani nao? Au kwa nini tunaoana nao kila mara?

Bibi yangu mmoja wa Pemba nilimwuliza kuhusu jina la ukoo jirani. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele kwenye ungo, halafu akasema, "Hilo si jina, mwanangu. Hilo walimpa." Sentensi ile iliniokolea miezi ya kutafuta. Majina mengi adimu ni lakabu: mtu alipachikwa kwa kazi yake, umbo lake, ulemavu, au neno alilozoea kulisema. Mkandaa wetu wa mfano huenda alikuwa mkata mikoko. Magome ya mkandaa, aina ya mkoko, hutoa rangi nyekundu, na mtu mwenye vidole vilivyoiva rangi hiyo hakawii kuitwa kwa mti wake. Kwa jina la namna hii usihangaike na ramani ya Uarabuni, nenda pwani penye mikoko.

Lakabu ina nguvu kuliko tunavyoikubali. Hamad bin Muhammad el Murjebi, mfanyabiashara wa misafara na watumwa aliyekufa Zanzibar mwaka 1905, dunia inamjua kwa Tippu Tip. Fatuma binti Baraka, mwimbaji wa taarab aliyefariki mwaka 2013, ni Bi Kidude. Ingekuwa desturi yao ni kugandisha majina, leo tungekuwa na ukoo wa kina Kidude na mtafiti mmoja anaulizia asili yake Oman.

Waulize wanawake kwa uzito uleule. Mwanamke wa kwetu haachi ubini wa baba yake akiolewa, kwa hiyo shangazi aliyeolewa Makunduchi miaka 50 iliyopita bado anabeba jina ambalo kwa watoto wa kaka zake limeshaanguka. Na upande wa kuumeni ukikwama, kumbuka kwamba kwa wanaosoma talkini (maneno anayosomewa maiti kaburini) maiti huitwa kwa jina la mama yake. Mzee aliyehudhuria mazishi mengi analikumbuka jina la mama wa marehemu hata kama halipo kwenye karatasi yoyote.

Katika vijiji vya asili, kama Tumbatu na Makunduchi, ulizia pia mvyale. Kazi yake ni ardhi na mizimu, na huwezi kujua ardhi bila kujua nani ni mtoto wa nani.

Hatua ya tatu: lipime jina lenyewe

Sasa weka jina mezani ulitazame umbo lake. Hii ni dalili tu, si hukumu.

Likianza na Al- na kuishia na -i au -y, mara nyingi ni nisba, yaani linakutaja kwa kabila, babu au mahali: Al-Busaidi, Al-Harthy, Al-Barwani, Al-Mazrui, Al-Riyami, Al-Kharusi. Asili ya haya ni Oman, na mengine yana historia ya Pemba mahususi. Wamazrui wa Mombasa walikuwa na mkono wao Pemba mpaka Seyyid Said, sultani wa Oman, alipowatoa miaka ya mwanzo ya 1820, kwa hiyo Mmazrui wa Pemba hakuja lazima na wimbi la Waarabu waliofuata karafuu baadaye.

Likianza na Ba-, fikiria Hadhramaut: Bakathir, Bafadhil, Basalama. Lakini pole pole! Bakari, Baraka, Bahati na Bashiri nayo yanaanza na Ba, na hakuna hata moja kati yao la Kishihiri, yaani la Hadhramaut. Nimeona mtu amejichorea nasaba nzima ya Tarim, mji wa Hadhramaut, kwa herufi mbili.

Mngazija humjua kwa nisba, au kwa namna ya kutamka, kama Mmadi kwa Muhammad. Mbarawa naye hujitaja kwa mji wake, Barawa wa Somalia. Wahindi wana njia zao: -ji au -jee la heshima lililoganda mwishoni, kama Karimjee, -wala la kazi au mahali, na majina ya miji. Mfano mzuri wa jina adimu la Zanzibar ni Bulsara. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Kiparsi, dunia ikaja kumjua kwa Freddie Mercury, mwimbaji. Jina la familia linatokana na mji wa Bulsar, Gujarat, ambao sasa unaitwa Valsad. Mtu akihama mji, mji unamfuata kwa nyuma. Wagoa, wao ni Wakatoliki wenye majina ya Kireno kama de Souza na Fernandes.

Halafu yapo majina ya vyeo: Mwinyi, Diwani, Khatibu, Sheha. Faki nalo linafungamana na neno la Kiarabu la mwanachuoni, faqihi. Jina la cheo huzuka mahali pengi bila watu kuwa ndugu, kwa hiyo usiwaunganishe kina Mwinyi wote wa pwani katika mti mmoja.

Sauti pia zinasema. Kiarabu hakina p wala v wala ch. Pandu, Vuai na Machano hayakushuka kutoka jahazi la Maskati. Na kuna majina yenye makao: Hamad, Faki, Kombo na Shaame utayakuta kwa wingi Pemba, Makame, Ame, Vuai na Pandu zaidi Unguja. Familia ya Pemba yenye majina ya Unguja inafaa kuulizwa swali la karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na watu wakaifuata mikarafuu huko.

Limebaki fungu ambalo wengi hulipita kwa miguu ya paka. Mabruki, Feruzi, Almasi, Marjani, Songoro, Uledi: majina haya walipewa sana watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa tarehe 6 Aprili 1897, na masuria wakangoja mpaka 1909. Baada ya hapo wengi waliwapa watoto majina mengine, wengine wakachukua nisba ya bwana wao. Kwa hiyo nisba tukufu yaweza kuwa ya damu au ya uhuru, na jina lenyewe halikuambii ni ipi. Ukifika hapo, hakikisha mzee aliyekuambia anakubali liandikwe. Akikataa, usiliandike. Mimi sioni aibu yoyote katika babu aliyejikomboa, ila siri ya ukoo si yangu peke yangu kuitoa.

Hatua ya nne: Nyaraka

Hapa ndipo utakapomaliza viatu. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, mjini Unguja. Nenda kwanza uulize utaratibu wa kibali na ada, kisha rudi siku ya pili na daftari. Usiombe "kila kitu kuhusu kina Mkandaa". Omba aina ya kumbukumbu na miaka: hati za mauzo na rehani za mashamba, faili za mirathi za Pemba za mwanzoni mwa karne ya 20, kumbukumbu za wakfu, gazeti rasmi la serikali lililoanza mwaka 1892. Mirathi ndiyo tamu kuliko zote. Mtu akifa, warithi wote wanatajwa kwa majina marefu, wajane wote, na miti yote ya minazi na mikarafuu. Mara nyingi hapo ndipo lakabu na jina la kweli hukutana kwenye mstari mmoja: fulani bin fulani, "anayejulikana kama".

Hati za zamani ziko kwa herufi za Kiarabu, na jina la Kibantu ndani yake ni kitendawili. Chukua Mkandaa. Mwandishi anaweka mimu, kafu, nuni, dali, alifu. Irabu fupi haziandikwi, kwa hiyo herufi hizo hizo zinasomeka Mkanda, Makanda, Mkinda au Mkunda. Baya zaidi, waandishi wa zamani mara nyingi waliiacha nuni kabla ya dali, jina likabaki kama "Mkada". P iliandikwa kwa be, v kwa fe. Pandu anatokea Bandu, Vuai anatokea Fuai. Kisha karani wa Kiingereza akalinakili kwa sikio lake: Hamis, Hamisi, Khamis, Shame, Shaame, Masoud, Massoud. Kabla hujaingia Kilimani, tengeneza orodha ya sura zote ambazo jina lako linaweza kuvaa, uitafute kila moja. Ukiishia kwenye tahajia ya kitambulisho chako, utatoka mikono mitupu ukidhani babu hakuwahi kuishi.

Tarehe zitakuwa za Hijria. Njia ya haraka: zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1290 unakupa 1873, na 1321 unakupa 1903. Unaweza kupotea mwaka mmoja, na hilo linatosha kwa kazi hii.

Kwa mambo ya karibu zaidi ziko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa mirathi na wakfu, mahkama za kadhi kwa ndoa na talaka, na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa vyeti. Makaburini usitegemee sana. Mengi yana mashahidi mawili ya mawe (moja kichwani, moja miguuni) bila maandishi, lakini kujua nani kalala ubavuni mwa nani kuna maana, basi nenda na mzee.

Hatua ya tano: kuhesabu mliobaki

Sensa haitoi hesabu ya majina. Inakupa idadi ya watu tu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Hesabu ya jina utaifanya mwenyewe.

Anza na masheha, viongozi wa shehia (mtaa au kijiji) ambako jina limetajwa. Usiombe kuona daftari lake, muulize tu kama anao watu wa jina hilo na nyumba ngapi. Orodha za wapigakura zinapobandikwa kwa uhakiki, zipitie. Tafuta kwenye Facebook kwa tahajia zote. Tovuti za nje zinazodai kukupa idadi ya kila ubini duniani zichukue kwa tahadhari. Kwa nchi ambayo jina hubadilika kila kizazi, mashine haijui inahesabu nini.

Tuseme umepata kina Mkandaa 60. Kwa Zanzibar nzima ni kama watu watatu katika kila laki moja, adimu kweli. Lakini usihesabu vichwa tu, hesabu mashina. Sitini waliotoka kwa babu mmoja wa Micheweni ni jambo moja. Sitini wenye mababu wanane wasiojuana, wote wakata mikoko, ni jambo jingine kabisa, na hapo jina si la ukoo bali la kazi. Kwa hiyo kila unayempata, muulize babu wa tatu na kijiji. Panga daftari kwa shina, si kwa alfabeti.

Usisahau walioondoka. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi walihama, na tangu miaka ya 1970 Oman imepokea watu wengi wa asili ya Zanzibar. Kule nisba huingia kwenye pasi. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja Wete mmoja Maskati, wanaweza kuwa na ubini usiofanana hata herufi moja. Jina linaloonekana limekufa Unguja laweza kuwa hai Ghuba, na kinyume chake.

Na usichanganye ubini na kabila la kwenye kumbukumbu za kikoloni. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, waliojiita "Waswahili" Zanzibar walishuka kutoka zaidi ya 30,000 hadi 2,000 hivi. Hawakufa wala hawakuhama, walibadilisha tu jibu, kwa kuwa neno lile lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Babu yako anaweza kuwa Mswahili katika karatasi moja na Mshirazi katika nyingine.

Kuhusu kipimo cha vinasaba

Wanaouliza ni wengi, nijibu kwa ufupi. Kipimo cha upande wa baba hufuata mwanamume kwa mwanamume, kwa hiyo kinaweza kukuambia kama mashina mawili ya kina Mkandaa ni shina moja. Kwa hilo kinafaa. Utafiti wa mifupa ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania uliotoka mwaka 2023 ulionyesha mchanganyiko wa damu ya Kiafrika na ya Uajemi tangu karne nyingi nyuma, na waliokuwa wakicheka habari za Washirazi walinyamaza kidogo. Lakini hilo ni la watu wa pwani kwa jumla. Halikuambii babu yako aliitwaje, na wala usilipeleke barazani kama ushahidi wa kesi ya shamba.

Mwisho: kuandika

Andika mti kwa mkono kwanza, kwenye karatasi kubwa ya kufungia bidhaa, uutandaze chini mkekani siku ya khitma au Idi mchana watu wanapokuwa wamekusanyika. Kila jina liwe na alama: la karatasi, la mdomo wa nani, au la kukisia kwako. Waachie kalamu. Watagombana, na ugomvi wao uandike pia, kwa majina ya wagombanao. Chini ya kila jina la mwanamke acha nafasi pana, maana huko ndiko karatasi yako itakakokuwa tupu kuliko kwingine, na shangazi zako ndio watakaoijaza.